Sababu ya Kusaini

Ngazi za ofisi ya wakili Bi Tabia zilikuwa za mbao kongwe, na mtu akizipanda ulimsikia kabla hujamuona. Shadya alikuwa peke yake kwenye benchi la ghorofa ya pili aliposikia hatua za Sajid. Mwaka wa pili sasa alikuwa anazijua. Alijifunika mtandio vizuri, akasimama, kisha akaona haya kwa kusimama, akakaa tena.

Sajid alitokeza kwenye kona ya ngazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, lakini macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyekosa usingizi.

"Ami yako hajafika?"

"Bado. Yuko njiani."

"Na mama?"

"Mama yuko nyumbani. Kasema nimpigie tukimaliza."

Alikaa upande wa pili wa benchi. Baina yao ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Siku tisa walikuwa hawajasemezana, tangu Ami Nahodha alipopiga marufuku, na sasa walipokutana kila mmoja alikuwa akitazama sakafu.

Yote yalianzia kwa baba yake Shadya, Mzee Mbarouk, aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Malindi kwa miaka thelathini. Miezi mitano nyuma alikwenda India kutibiwa moyo, akarudishwa kwenye jeneza. Wiki moja kabla ya safari, Shadya alijikaza akamwambia kwamba yuko mtu anayetaka kuja kumposa, naye ni Sajid Kurban, fundi wa kompyuta wa Darajani. Mzee alimtazama kwa muda, akasema, "Nikirudi tutazungumza." Hakusema ndiyo wala hapana, na hakuwahi kurudi akazungumza.

Kisha, wiki mbili zilizopita, mama yake Shadya alimwomba Sajid aifungue kompyuta ya marehemu ili karatasi za wateja zipatikane. Sajid ndiye aliyekuwa akizitengeneza kompyuta za ofisi ile miaka yote. Humo ndani akaikuta hati. Mzee Mbarouk alikuwa ameandika kwamba, ikiwa matibabu yatamchelewesha, anamweka nduguye Nahodha mahali pake amuozeshe binti yake Shadya kwa Sajid Kurban. Hati ilikuwa na saini, lakini si ya kalamu. Ilikuwa saini ya kielektroniki.

Ami Nahodha aliposomewa hati ile alicheka kwa hasira. "Fundi wa kompyuta anataka kuoa. Kwenye kompyuta anayoitengeneza mwenyewe anakuta hati ya kumuozesha yeye mwenyewe! Mnanifanya mtoto mdogo?"

Shadya hakuwa na kaka, na babu yake alikuwa keshafariki. Baada ya baba, walii wake, mwenye haki ya kumuozesha, alikuwa huyo ami yake, na pasi na yeye hakuna ndoa. Ami Nahodha alikubali jambo moja tu. Hati ichunguzwe na wakili anayejua mambo hayo. Ikiwa ni ya kughushi, Sajid asikanyage tena mlangoni kwao.

"Nikuulize kitu?" Sajid alisema, bado anatazama sakafu.

"Uliza."

"Wewe unaonaje? Nimeighushi?"

Shadya alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini siku zote tisa alikuwa akilala na kuamka na jambo moja. Baba yake hakuwa mtu wa kuficha. Vipi akubali, aandike, asaini, kisha aondoke bila kumwambia yeye?

"Sijui, Sajid," alisema kwa sauti ya chini. "Baba hakuniambia kitu. Hata kwenye simu kule hospitali hakuniambia. Mimi sijui niseme nini."

Sajid aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ahsante kwa kusema kweli."

"Sajid, sikukusudia..."

Ngazi zililia. Ami Nahodha alipanda akiwa na kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, mkono mmoja kwenye ukuta, pumzi zinamtoka kwa shida.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, mzee," alisema Sajid, naye ameinuka.

Ami Nahodha alimpita kana kwamba hakusikia, akagonga mlango.

Bi Tabia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliwakaribisha, akawapa viti mbele ya meza. Sajid akachukua kiti cha mbali kabisa, karibu na dirisha, mikono akaiweka juu ya magoti pahala ambapo kila mtu anaiona.

"Kwanza niseme hili," alianza Bi Tabia. "Faili ninalolichunguza nililitoa mwenyewe jana kwenye kompyuta ya marehemu, na Mzee Nahodha alikuwa amesimama nyuma yangu. Kijana huyu hakuligusa. Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli."

"Haya. Sasa niambie wasiwasi wako."

Ami Nahodha alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa nakala ya hati, imechapishwa. "Mimi saini ya ndugu yangu naijua. Anaanza na herufi kubwa, anazungusha, anamalizia na mkia mrefu. Hapa iko wapi? Naona jina limechapwa ndani ya kisanduku. Jina hata mimi naweza kulichapa."

"Ingekuwapo picha ya saini yake yenye mkia ningekuwa na wasiwasi zaidi," alisema Bi Tabia. "Picha mtu huikata kwenye barua ya zamani akaibandika anapotaka. Na karatasi hiyo uliyonayo haitwambii kitu, mzee wangu. Saini yenyewe haiko kwenye karatasi. Imo ndani ya faili. Sogeza kiti uone."

Mzee alisogea. Shadya alisogea pia. Sajid hakuondoka dirishani.

Bi Tabia alitengeneza nakala ya faili. Kwenye nakala hiyo akafuta herufi moja tu katika jina la Sajid, akaweka nyengine. Papo hapo kiooni pakatokea alama nyekundu, na maneno yanayosema hati hii imebadilishwa baada ya kusainiwa.

"Herufi moja tu?" Ami Nahodha aliuliza.

"Hata nukta. Sasa tazama ile ya asili."

Alilifungua faili la asili. Shadya alijikuta ameshika ukingo wa meza. Programu ilizunguka, ikazunguka, kisha alama ya kijani ikajitokeza. Saini ni sahihi. Hati haijabadilishwa tangu kusainiwa. Chini yake likatokea jina kamili la baba yake, herufi kwa herufi.

"Marehemu alikuwa na saini hii kwa kazi yake ya forodha," Bi Tabia aliendelea. "Alikwenda mwenyewe na kitambulisho chake, akathibitishwa, akapewa. Ufunguo wake umo kwenye kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na hakifanyi kazi bila namba ya siri. Kidude hicho kiko wapi?"

Ami Nahodha alikohoa. "Kilirudi na mizigo yake kutoka India. Alikifunga pamoja na funguo zake. Hakuwa akikiacha, hata msikitini akenda nacho. Sasa kiko kabatini kwa shemegi yangu."

"Basi alipoondoka kidude kiliondoka naye, na kompyuta yenye hati ilibaki hapa. Na kweli, hati imesainiwa Jumatano, saa nne na dakika kumi za asubuhi. Siku moja kabla ya safari."

"Saa ya kompyuta fundi anaibadilisha akitaka."

"Ya kompyuta, ndiyo. Saa hii si ya kompyuta. Hati inaposainiwa, saa inagongwa na mtambo wa wale wale wanaothibitisha saini, huko kwao. Fundi wa Darajani hawezi kuufikia."

Nje, Vespa ilipita kichochoroni ikipiga honi. Ami Nahodha alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Na sheria inasemaje?"

"Sheria inaitambua saini ya namna hii kama inavyoitambua ya wino, maadamu ajulikane aliyesaini na ijulikane hati haijaguswa. Yote mawili yamepatikana."

"Lakini haijulikani kama alikusudia," mzee alisema, sauti sasa imepungua ukali. "Ndugu yangu alikuwa mgonjwa, Bi Tabia. Karatasi za safari, za hospitali, za bandari, zote zilikuwa mbele yake. Mtu aliyemuamini anaweza kumwambia, mzee, chomeka kidude hapa, gonga namba yako, naye akafanya bila kusoma. Nami sitaki kusema ni nani."

Sajid aliinua uso. Hakumtazama mzee, alimtazama Shadya. Naye Shadya mara hii hakuangalia sakafu.

"Nitakujibu hilo," alisema Bi Tabia. "Lakini ni lazima niwaambieni jambo jengine kwanza, nisije nikawadanganya. Uwakala humalizika mwenye kuutoa akifa. Saini ni yake na hati ni sahihi, lakini tangu siku aliyofariki haina nguvu tena. Marehemu aliyajua sana ya forodha. Hili huenda hakulifikiria."

Shadya alihisi kama kiti kimeondolewa chini yake. "Kwa hivyo hata kama ni ya kweli, haitusaidii?"

"Haimlazimishi mtu yeyote, mwanangu. Ami yako ndiye walii wako, na uamuzi ni wake."

Ami Nahodha hakufurahi kama Shadya alivyotegemea. Alikuwa amechoka tu.

"Sasa nikujibu, mzee," Bi Tabia alisema. "Mtu anaposaini kwa njia hii, kuna pahala anaweza kuandika sababu ya kusaini. Wengi hupaacha patupu. Ukiifungua hati kama kawaida hapaonekani, mpaka uingie ndani ya saini yenyewe. Ndugu yako kaandika kitu." Aliigeuza kompyuta taratibu mpaka kioo kikamwelekea mzee peke yake. "Kinakuhusu wewe. Ndiyo maana sikukisoma kwa sauti."

Ami Nahodha alitafuta miwani mifukoni mwote miwili. Aliivaa, akainama. Midomo yake ilichezacheza. Kisha ikasita. Alisoma tena tangu mwanzo, na Shadya akaona mkono wa ami yake, ule mkono mkubwa uliokuwa ukimrusha juu alipokuwa mdogo, unafuata maneno kwenye kioo, moja moja.

"Ami? Kuna nini?"

Mzee alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nani mwengine kakisoma hiki?"

"Mimi tu," alisema Bi Tabia. "Kama hutaki kisomwe, hakitosomwa."

Mzee angeweza kuifunga kompyuta, na Shadya alijua kwamba akiifunga hakuna ambaye angemuuliza. Badala yake aliivaa tena miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesomea wenziwe barua iliyotoka mbali.

"'Nimeridhia kwa moyo wangu. Mwanamwema alipoozeshwa mtu mwengine mimi nilinyamaza, na nilimsikia ndugu yangu analia chooni, kafungulia mfereji wa maji ili tusimsikie. Sikuwahi kumwambia kuwa nilisikia. Kwa mwanangu sitonyamaza. Nimemweka Nahodha kwa sababu yeye anajua.'"

Bi Tabia alijitia kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," Ami Nahodha alisema mwisho. "Mwanamwema wa Mkunazini. Wazee wake walisema sisi si watu wa kuoa kwao. Siku ya harusi yake nilijifungia chooni, nikaufungulia mfereji mpaka tangi likakauka. Miaka arubaini nilidhani hakuna aliyejua. Hata mama yetu. Hata mke wangu hajui."

Alimgeukia Sajid. "Wewe kijana hukuwa umezaliwa. Hukuweza kuandika maneno haya hata ungejua kuchezea kompyuta zote za dunia."

"La, mzee."

"Nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Ulikuwa unamlinda mtoto wa ndugu yako."

"Usinipe udhuru. Nisamehe."

Sajid aliondoka dirishani, akaja, akainama, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Nshakusamehe, ami."

Lile neno 'ami' lilimtoka bila kulipima, na aliposhtuka nalo mzee hakulikataa.

"Wakili kasema hati imekwisha," Ami Nahodha alisema, akimtazama Shadya. "Na iwe imekwisha. Mimi ndiye walii wako, na nakuuliza mimi, kwa mdomo wangu. Unamtaka?"

Siku zote Shadya alikuwa akiota swali hilo, na katika ndoto zake alijibu haraka. Sasa alisimama, vidole vinavuta ncha ya mtandio.

"Mimi namtaka, ami. Lakini sijui kama yeye bado ananitaka. Aliniuliza pale nje kama naamini kaghushi, nami nikashindwa kumwambia hapana."

Ami Nahodha aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwengine. Kisha akamgeukia wakili. "Bi Tabia, chai huna?"

"Iko chumba cha pili."

"Twende ukanipe. Mlango uache wazi."

Walipotoka, chumba kikawa kikubwa. Sajid alibaki upande wake wa meza, Shadya upande wake, na kompyuta katikati ikiwa bado na maneno ya baba yake.

"Sitokwambia kuwa sikukushuku," Shadya alianza. "Nilikushuku. Siku tisa. Niliwaza baba angeniambia. Kumbe alitaka kuniambia akirudi, amwite na ami tukae pamoja. Nakuomba radhi, Sajid."

"Unajua nilipoikuta hati ile nilifanya nini?"

"Nini?"

"Nilikaa nayo siku tatu, sikumwambia mtu. Nilijua watu watasema nini. Mara mbili nilikaribia kuifuta."

"Mbona hukuifuta?"

"Ilikuwa ya baba yako." Alisita kidogo. "Niliona hata kama mimi nitafukuzwa, wewe una haki ya kujua alichokitaka baba yako."

Shadya alifumba macho. Machozi ambayo hayakumtoka wakati wa mazishi, wala wakati wa hitima, wala siku mama yake alipomaliza eda, yalimtoka sasa, kimya kimya. Sajid alitoa kitambaa mfukoni, akakisukuma juu ya meza mpaka kikamfikia. Mkono wake haukuvuka zaidi ya hapo, lakini haukurudi pia.

"Iliniuma," alisema. "Siwezi kukuficha. Lakini si kwa kuwa ulishuku. Ningekuwa wewe, mimi pia ningeshuku. Iliniuma kwamba ulikaa na shaka hiyo peke yako siku zote tisa. Ungenipigia simu. Ungekuja hata dukani ukanitukana mbele ya wateja."

"Ami alinikataza."

"Najua. Siku nyengine ukiwa na shaka na mimi, nataka uje nayo kwangu kwanza."

Shadya alifungua macho. "Siku nyengine?"

"Naam." Sajid alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na uchovu wote ukamtoka machoni. "Siku nyengine. Mimi nataka tuwe nazo nyingi."

Shadya alicheka huku analia, kitambaa mdomoni. Mikono yao juu ya meza ilikuwa karibu mno, na hakuna aliyeuondoa wake.

"Shadya!" Sauti ya Ami Nahodha ilitoka chumba cha pili. "Mbona kimya? Chai yenyewe nshaimaliza!"

"Naam, ami!"

"Anasemaje huyo?"

Shadya alimtazama Sajid. Sajid alimtazama yeye, akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyekwisha kula kiapo.

"Anataka, ami!"

"Basi awalete wazee wake Ijumaa baada ya laasiri. Na waje na maneno ya mdomoni, mimi karatasi zimenitosha!"

Bi Tabia alisikika anacheka. Shadya alijifuta uso, akatoa simu kwenye mkoba. Jina la mama yake alilipata kwa kulitafuta mara mbili. Simu iliita mara moja tu.

"Mwanangu? Wamesemaje?"

Alikuwa amejitayarisha kumueleza kuhusu saini, na alama ya kijani, na saa nne na dakika kumi. Lakini macho yake yalirudi kwenye kile kioo, kwenye yale maneno machache, na akaona hakuna haja ya mengine yote.

"Mama," alisema. "Baba kakubali."